Siku Niliyoyapaka Maua Matufe Yangu

Nianze kwa kukiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa Lamu usiponisikia mimi utaisikia kwa mwenye duka la vitambaa, naye huongeza chumvi. Yule mwanamke aliyemmwagia ndugu yake kahawa mbele ya watu wa Kililana, akatia tufe moja mvunguni mwa viti vya kina mama na jingine nyuma ya kisigino cha refa, kisha akanuka petroli mpaka jua linatua, ni mimi, Zena, na wakati yote hayo yakitokea nilikuwa na medali tatu shingoni. (Medali zenyewe nilizivaa kwa hiari yangu, hakuna aliyeniomba.)

Kwa asiyejua, mimi ni bingwa. Nacheka nikisema hivyo, lakini ndivyo. Mchezo wangu ni wa matufe: mnasimama kwenye uwanja wa nyasi zilizokatwa fupi kama zulia, mnatuma mbele kitufe kidogo cheupe tunachokiita jeki, kisha kila mtu anabingirisha matufe yake manne, moja moja kwa zamu, na ambaye tufe lake litalala karibu zaidi na jeki ndiye mwenye pointi. Rahisi, au siyo? Hata mimi nilidhani hivyo nilipokuwa msichana wa kupeleka chai kwenye klabu moja ya Mombasa, siku wazee wa klabu walipopungukiwa na mchezaji wa nne wakaniambia niweke sinia chini niwajazie nafasi. Niliweka sinia chini, na sikuliokota tena kwa miaka ishirini na ushei.

Nimecheza Uskoti, ambako baridi ilinifanya nivae soksi mikononi kati ya zamu na zamu, nimecheza Australia ambako bibi mmoja mwenye miaka themanini alinifunga vibaya kisha akanipa keki, na nimechukua dhahabu ya Afrika mara mbili, nikasimama jukwaani bendera ikipanda huku nikilia kama niliyepigwa. Yote hayo watu wa nyumbani waliyaona kwenye picha za simu tu. Nikirudi Lamu swali lilikuwa moja, goli liko wapi, na nikisema hakuna goli basi mazungumzo yanaishia hapo, mtu ananipa pole na kunikaribisha chai. Vijana wa ufukoni waliniita Bi Gololi. Sikukasirika (nilikasirika, lakini nilitabasamu).

Sasa, ninaye mpwa, Amina, binti wa kakangu Omari, ana miaka ishirini na mmoja. Nilimfundisha mwenyewe kila alipokuja kukaa nami Mombasa, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri huo, nasema hivi bila wivu, au kwa wivu mdogo tu. Mwaka huu ikaja barua: Amina ameitwa kambini Nairobi kwa mazoezi, na akifaulu huko atasafiri na timu ya taifa. Barua ilitaka sahihi ya mzazi, na irudi na wachezaji wa Mombasa watakaokuja kwetu Jumamosi kwa mechi ya kirafiki.

Mzazi huyo ndiye Omari. Anauza samaki na kamba kule Kizingitini, ni mtu wa heshima zake, akipita kwenye gati watu wanashusha sauti. Nilivuka kwenda kumwona, nikaisoma barua, nikamweleza, nikamweleza tena, naye akasikiliza mpaka mwisho akichezea tasbihi yake, kisha akasema maneno ambayo sikuyasahau hata kidogo wiki ile nzima.

"Zena, sitaki kuambiwa. Ntakuya Kililana nitezame kwa mato yangu. Ikiwa ni yambo la watu wazima, Amina ataenda. Ikiwa ni mchezo wa watoto, barua hiyo muirudishe kama ilivyokuya."

Amina alikuwa mlangoni akisikia. Alinitazama, na mimi nikamkonyeza kumwambia asiwe na wasiwasi, shangazi yako yupo. Maskini mtoto wa watu.

Uwanja wenyewe ni wa Bwana Fumo, mkulima wa matikiti pale Kililana, ambaye aliniona kwenye televisheni siku moja akapandwa na wazimu, akasawazisha kipande cha shamba, akakikanyaga na trekta, akatandika zulia refu la nyasi za plastiki. Zulia zuri kabisa. Lilikuwa limebaki jambo moja tu: pembeni huwa pana mfereji wa kuyadaka matufe yaliyopotea, na Bwana Fumo alikuwa amechimba wa ncha mbili, wa mbavuni hajauchimba. Nikamwambia asijali, matufe yangu hayapotei.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri Filomena akanipigia simu kutoka Mombasa. Filomena ndiye mpinzani wangu wa miaka yote, tumefungana mara nyingi mpaka tumekuwa ndugu. Akaniambia amenunua matufe mapya na ni rangi moja na yangu, hudhurungi, kwa hiyo mmoja wetu aweke alama ili refa asituchanganye. "Wewe bandika tu stika ndogo, Zena, yoyote ile." Nikasema sawa, nikakata simu, nikayatazama matufe yangu manne kwenye mkeka, na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo.

Mimi ni Mwamu, mtu wa Lamu. Mwamu ukimpa mlango hatulii mpaka autie nakshi, ukimpa kiti atakichonga mgongo, hata bakora ya kutembelea ataivalisha fedha. Sasa nibandike stika ya duka kwenye matufe ya bingwa, siku ambayo nusu ya kina mama wa mjini watakuja na miwani yao? Nikamwomba Amina, aliyekuwa amefika kwangu kwa ajili ya mechi, chupa yake ya rangi ya kucha, nyekundu ile ya kuiva, nikakaa kitako nikachora ua la asumini kwenye kila tufe, upande huu na upande huu, petali tano tano, nikazijaza nene zing'ae. Yakatoka mazuri, Wallahi, ungedhani ni ya kutunzia bibi harusi.

Hapa niwaeleze jambo moja, bila hilo hamtanielewa. Tufe letu si mviringo kamili. Ubavu mmoja umechongwa tofauti, basi likianza kuchoka linapinda kuelekea ubavu huo, na ufundi wote wa mchezo uko kwenye pindo hilo. Ili mchezaji ajue ni ubavu upi, kiwandani huchimba duara dogo upande linakopindia na duara kubwa upande wa pili. Ukilishika kinyume linakwenda kinyume, na kwetu hakuna aibu iliyo kubwa kuliko hiyo. Huifanya mtu siku yake ya kwanza, akachekwa, asirudie tena. Mimi baada ya miaka yote ile sikuwa hata naangalia, kidole gumba kilikuwa kikipapasa duara na kunijulisha chenyewe.

Na maua yangu niliyapaka wapi? Juu ya maduara, bila shaka, ndipo palipokuwa na nafasi. Amina akauliza kwa adabu, "Shangazi, na alama utazionaje?" Nikamjibu kwamba mimi matufe yangu nayajua hata nikifungwa kitambaa machoni. Akanyamaza, kwa sababu amelelewa vizuri.

Jumamosi watu walijaa. Wengine walikuja na mashua za injini kutoka mjini, wengine kwa pikipiki kutoka mashambani, na kina mama walipanga viti vyao upande wa kushoto wa zulia na wanaume upande wa kulia, karibu kabisa na ukingo kwa kuwa mfereji haukuwapo. Omari alikaa mbele, kanzu imenyooka, kofia yake ya vito, iliyodarizwa kwa mkono, kichwani, na mbele yake kimeza kidogo chenye birika la kahawa na sahani ya halwa. Mimi nilivaa gauni refu jeupe na mtandio mweupe, maana kwetu sare ni nyeupe, na juu yake, kama nilivyosema, medali. Refa alikuwa mzee mmoja mpole wa Mombasa, Bwana Juma, akayatazama matufe yangu kwa muda, akasema leo ni kirafiki, mradi hayanati.

Ningecheza tu ingekuwa afadhali. Lakini Bwana Fumo akanipa kipaza sauti, na mimi kipaza sauti sikikatai. Nikaeleza historia yangu (nikaanzia kwenye sinia), nikaeleza siri ya pindo, kisha nikamgeukia ndugu yangu mbele ya watu wote nikamwambia, "Kaka, tezama hapa. Nitalituma kwako kama linakuya kukusalimu, kisha litageuka lende likae ubavuni mwa jeki." Watu wakapiga makofi. Omari akakaa vizuri kwenye kiti.

Nikapiga goti, nikapeleka mkono nyuma, kidole gumba kikapapasa na kukuta petali. Nikasema moyoni, haya, ndilo ua la duara dogo. Nikaachia bismillahi, kwa nguvu kidogo kuliko kawaida kwa sababu ya makofi. Tufe likaenda upande wa Omari kama nilivyoahidi, na mimi tayari nimeanza kutabasamu nikisubiri ligeuke, na halikugeuka, likazidi kwenda kulia, likatoka kwenye zulia likagonga mguu wa kile kimeza, na birika lote la kahawa likalala kwenye mapaja ya Bwana Omari wa Kizingitini. (Alhamdulillahi ilikuwa imepoa. Ingekuwa moto nisingesimulia kwa kicheko.)

Kweli lilikuja kumsalimu.

Mtu mwenye akili angesimama hapo akaomba radhi na kuyaangalia matufe yake. Mimi nikatangaza, na kipaza sauti bado kikiwa wazi, kwamba zulia lina mteremko. Bwana Fumo, aliyelisawazisha miezi mitatu, akainamisha kichwa. Filomena akatuma lake, likaenda likalala vizuri kama mtoto aliyeshiba, pale pale kwenye mteremko wangu, na akarudi akanisogelea akaniuliza polepole kama niko salama. Nikamwambia niko salama kabisa, na nikachukua la pili nikalenga mbali kushoto ili mteremko ulirudishe. Kumbe hili nimelishika sawa, yaani kinyume cha lile, likaenda kushoto na likapinda kushoto, likavuka hadi kwa kina mama, nikaona buibui zinapanda na miguu inawekwa juu ya viti safu nzima, na tufe likapita chini yao taratibu, bila haraka, likatokea upande wa pili. Hapo uwanja mzima ukaangua kicheko. Sauti moja ya kiume ikasema tufe la bingwa limepagawa, litafutiwe mganga.

Nilihisi uso unawaka. Si mchezo, nimeshindwa mbele ya watu wengi maishani, lakini wale walikuwa wageni, na hawa walikuwa wangu. Nikatupa jicho kwa Omari. Alikuwa akijifuta kanzu kwa leso, hacheki, na kwangu kutocheka kwake kulikuwa kubaya kuliko kicheko cha wote. Amina alikuwa amesimama nyuma ya viti, barua iko mkononi ndani ya bahasha, ameikumbatia kifuani.

Basi nikaelewa kwamba ni maua. Nikaanza kuyabandua kwa kucha, hayatoki, nikajaribu kwa meno (naona haya kusema, lakini nilijaribu, mbele ya refa), hayatoki. Nikauliza kama kuna mtu ana dawa ya kutolea rangi ya kucha. Kwenye shamba la matikiti. Kijana mmoja wa pikipiki akasema petroli hutoa kila kitu, akaniletea kidogo kwenye kifuniko, Bwana Juma akaamuru jiko la kahawa liondolewe haraka, na mimi nikasugua. Rangi ilitoka, siwezi kumlaumu kijana, ila haikwenda mbali: ilihamia mikononi, kutoka mikononi nikaifuta kwenye gauni bila kufikiri, na nilipojitazama nilikuwa mwekundu kuanzia kifuani hadi magotini kama mwuza nyama. Lakini duara nililiona. Nikashika tufe la tatu ipasavyo, nikajua kabisa ni ubavu gani, nikapeleka mkono nyuma, na petroli ikafanya kazi yake: tufe likaniponyoka kuelekea nyuma, likadunda, likasimama kwenye kisigino cha Bwana Juma. Mzee wa watu akaruka. Sikujua kama anaweza kuruka hivyo.

Omari akasimama. Hakupaza sauti, akasema tu, "Amina, twende zitu."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze na matufe yangu. Nilikuwa nimeibeba nafasi ya mtoto wa watu mikononi, na mikono yenyewe nilikuwa nimeipaka rangi. Nilisimama tu pale nikinuka kama mashua.

Amina akaja mbele. Alimpita baba yake, si kwa ufidhuli, aliinama kidogo kama tunavyopita mbele ya wakubwa, akasema, "Baba, limebaki tufe moya la shangazi. Nipe ruhusa nilimalize, kisha twende." Akamtazama refa, refa akamtazama Filomena, na Filomena (Mungu ampe maisha marefu) akasema yeye hana neno. Omari hakukubali wala hakukataa, lakini hakuondoka.

Amina hakuigusa petroli. Alilichukua tufe la nne na maua yake yote mawili, akachutama, akalibingirisha polepole hatua chache tu mpaka mguuni kwangu, tukalitazama wote likichoka na kuegemea kushoto. Basi. Jambo la nusu dakika, ambalo bingwa wa Afrika hakulifikiria. Akaomba plasta ya kidonda kwenye kisanduku cha Bwana Fumo, akabandika kipande upande ule, akasimama kwenye mkeka wa kuanzia, akapiga goti. Tufe likaondoka mkononi mwake bila sauti, likaenda kulia likielekea kwa baba yake, na wanaume wote wa safu ya mbele wakainua miguu, na lilipofika karibu nao likageuka, likarudi ndani taratibu, taratibu, likalala shibri moja kutoka kwenye jeki.

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Walikuwa wameona kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nikikieleza miaka yote.

Omari akakaa.

Mechi ikaendelea, Amina badala yangu, matufe yana plasta kama watoto waliotoka tohara, na mimi nimeketi chini mbali na jiko. Sitawadanganya kwamba alimshinda Filomena, alifungwa kwa pointi mbili. Lakini kwenye raundi ya mwisho matufe mawili, moja lake na moja la Filomena, yalilala pande mbili za jeki, na Bwana Juma akainama akasema kwa macho haiwezekani kujua, akaanza kutafuta utepe wa kupimia mfukoni. Ndipo nikasikia sauti ya ndugu yangu. "La Amina ndilo la karibu." Refa akasema kwa upole kwamba tutapima. Omari akasema yeye kila siku ya Mungu huwapima kamba kwa mato kabla hawajafika kwenye mzani, na hakosi, na hilo ni la Amina kwa upana wa kidole. Kisha akaingia uwanjani, mtu mzima na kanzu yake yenye kahawa mpaka magotini, akavua viatu ukingoni bila kuambiwa, akapiga magoti kando ya refa na kushika ncha moja ya utepe.

Lilikuwa la Amina, kwa upana wa kidole. Omari alisimama akawatazama wale wanaume wenzake kana kwamba tufe amelizaa yeye.

Sahihi aliitia pale pale, karatasi ameiweka juu ya kimeza, na Filomena akaichukua bahasha akaitia kwenye mkoba wake. Amina alikwenda nyuma ya ghala la matikiti akalia peke yake kidogo, akarudi amenawa uso. Mimi nikamwendea kakangu kumwomba radhi kwa kanzu na kwa aibu na kwa lile neno la kukusalimu, na nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini akanikatiza. Alikuwa akizitazama medali zangu, zimeingia rangi ya kucha.

"Hizi zote," akasema, "siku ulizozipata, alikuwako nani wa kwitu akikutezama?"

Nikamwambia hakuna. Akauliza, hata mmoya? Nikasema hata mmoja, kaka, sikuwahi kuwaita, niliona haya msije mkanikuta nimeshindwa. Akatikisa kichwa, kisha akanishika mkono ule ule wa petroli mbele ya watu, akasema ningewaita. Nililia, nasema wazi, nililia kuliko nilivyolia kwenye jukwaa lolote, na kina mama walidhani nalilia mechi wakaniletea halwa.

Basi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi. Rangi ya kucha itakaa kwenye kucha. Kipaza sauti nitakishika baada ya mchezo, si kabla. Na mwezi ujao nikicheza Mombasa, nikishinda au nikifungwa au nikimgonga refa, Omari ameshaniambia kiti chake kiwe safu ya mbele, na kahawa asiwekewe.